Marinda Kumi na Tisa

Nilipanda hadi orofa ya tatu, mkoba begani,
na ndani yake kofia mbili za waya,
zimelegea kama nyavu za kuuzia vitunguu.
Kutaisi, Februari, mvua inayokataa kuwa theluji.
Lamara alifungua. Tsiala alishafika,
ameketi mezani na koti lake mwilini.

Miaka sita hawajajuliana hali.
Ni habari ya nyumba ya mama, ya saini iliyotiwa
wakati mmoja wao yuko Ugiriki akiogesha wazee wa watu.
Hayo niliyajua baadaye. Fomu yangu ilisema tu:
ndugu wa tumbo moja, sitini na tisa, sitini na sita,
wote hutumia mkono wa kulia.

Niliwatenga nywele kwa mpini wa kijiko,
nikadondosha jeli baridi penye ngozi.
"Kama ninatafutwa chawa," alisema Tsiala.
Hakuna aliyecheka.

Nikawaambia: pikeni mnachopika siku zote.
Wakachagua khinkali, vifuko vya unga
vyenye nyama na giligilani na mchuzi wake ndani.
Nikajibanza karibu na jokofu, kompyuta magotini,
mistari miwili kiooni, wa samawati na mwekundu,
kila mmoja umeshika njia yake
kama mbwa wa mitaa miwili.

"Chumvi, tafadhali." "Chukua." "Asante." "Haya."
Adabu ya dirisha la posta.
Nikaandika: dakika ya kumi na mbili, hakuna kitu.

Kisha Lamara akainua kifuko cha mwenzake
akakizungusha kwenye mwanga, midomo ikihesabu.
"Marinda kumi na sita."
"Yanatosha."
"Mama alikunja kumi na tisa."
"Mama alikunja kumi na sita mikono ilipoanza kumuuma,
ila wewe hukuwepo kuona!"

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Mimi sina jembe. Nilishika waya nizime,
maana unga ulikuwa unaruka, sauti zimefika kwa majirani,
na nani atachapisha data ya namna hii?
Ndipo nilipotazama kioo.

Mwalimu wangu huliita jambo hili *upatanifu*.
Sijawahi kulipenda neno hilo, linanuka baraza la usuluhishi.
Hawa hawakupatana. Walikuwa wanachimbuana.
Lakini wa samawati ukipanda, mwekundu nao huo,
ukitelemka, huo.
Mmoja alianza sentensi
na kichwa cha pili kikafika kwenye nukta kabla yake.
Nilikagua viunganishi. Nikakagua tena.

Halafu wakanyamaza. Si kwa kusameheana; pumzi ziliwaishia.
Mikono haikunyamaza: bana, kunja, zungusha,
bana, kunja, zungusha.
Sikuwasikia wakihesabu,
na mistari ile ikaenda pamoja ndani ya kimya kile
dakika nne na sekunde kadhaa,
mpaka sufuria ilipochemka ikafurika
na wote wawili wakainuka, mkono mmoja kwenye mfuniko,
mkono mwingine kwenye moto,
bila kugongana.

Walinipa sahani. Unauma tundu dogo, unanyonya mchuzi kwanza.
Tulinyonya watatu, kwa kelele.
Hilo halimo katika ripoti; kofia zilikuwa zimevuliwa.

Taa ya ngazini ilikuwa imeungua.
Tsiala alitangulia, mimi nyuma na mkoba wangu,
na kufika orofa ya kwanza niligundua
kwamba mguu wangu unagusa wakati wake unagusa.
Alisimama. Nikawa nimeshasimama.

"Mashine yako imesema nini?"
"Majibu ni Aprili, mama."

Alifunga vifungo vya koti, vyote, hadi cha shingoni.
"Yalikuwa kumi na tisa," alisema.
"Usimwambie."